Wagonjwa Waliopelekwa Shule

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyegundulika kuwa na kisukari nchini Marekani alikuwa na njia moja tu ya kusogeza siku zake mbele: njaa. Daktari Frederick Allen alikuwa ameonyesha kwamba chakula kikipunguzwa mno, sukari hutoweka kwenye mkojo na mgonjwa huongezewa miezi, pengine miaka. Tiba hiyo ilikuwa kali, tena daktari hakuweza kuifanya kwa niaba ya mtu. Ilifanyika jikoni, kwenye mizani, kila mlo, na aliyepima chakula alikuwa mama mtu au mgonjwa mwenyewe.

Elliott Joslin wa Boston alilielewa hilo mapema kuliko wengi. Mama yake mzazi aliugua kisukari, na kwa miaka mingi daktari huyo aliandika daftarini habari za kila mgonjwa aliyemtibu. Mwaka 1918 alichapisha mwongozo uliowalenga madaktari na wagonjwa pamoja. Kwa enzi ile, elimu ya tiba ilipohesabiwa kuwa mali ya daktari, hiyo ilikuwa hatua ya ujasiri.

Kisha insulini ikapatikana Toronto. Agosti 1922 Joslin alimdunga mgonjwa wake wa kwanza, mwanamke ambaye kwa kazi yake alikuwa muuguzi. Waliokuwa wakisubiri kifo walianza kunenepa na kurudi kazini.

Hapo ndipo mafunzo yalipozidi kuwa ya lazima. Dawa hiyo ilitaka sindano zaidi ya moja kwa siku, na hakuna hospitali ambayo ingeweza kumlaza mtu maisha yake yote. Mgonjwa alifundishwa kuchemsha bomba la kioo, kunoa sindano iliyobutuka na kuvuta kipimo sahihi. Alifundishwa kuchemsha mkojo pamoja na maji ya buluu ya Benedict: yakibaki buluu, hakuna sukari, yakigeuka kijani, njano, hadi rangi ya tofali, sukari imezidi. Alifundishwa pia dalili za sukari kushuka, yaani jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa, na kutembea na kitu kitamu mfukoni. Kosa dogo la kipimo lingeweza kuua.

Kazi hiyo ya kufundisha Joslin aliwakabidhi wauguzi, na hao ndio wanaostahili sifa zaidi katika historia hii. Hawakuishia wodini. Walifuata familia majumbani, wakakaa nazo na kuona kilichopikwa hasa. Joslin mwenyewe aliwaambia wagonjwa kwamba gari lao linavutwa na farasi watatu, yaani chakula, insulini na mazoezi, na kwamba wao ndio waendeshaji.

Fikra hiyo ilivuka bahari. Mreno Ernesto Roma alikwenda Boston, akaiona insulini ikifanya kazi, akarudi Lisbon na mwaka 1926 kuanzisha chama cha kuwalinda wenye kisukari maskini. Walipewa dawa bure, na walifundishwa.

Hata hivyo, mkojo ulisimulia yaliyokwisha kupita. Sukari iliyopo kwenye damu saa ileile ilibaki siri ya maabara hadi karibu mwaka 1970, kampuni ya Ames ilipotengeneza mashine ya kuisoma kwenye tone la damu. Iliuzwa kwa madaktari tu. Richard Bernstein, mhandisi aliyeishi na kisukari tangu utotoni, aliipata kwa kuwa mkewe alikuwa daktari. Akajipima mara kadhaa kwa siku, akarekebisha chakula na dozi, na sukari yake ikatulia. Majarida ya tiba yalikataa maandishi yake. Hakukata tamaa: akiwa na miaka 45 alijiunga na chuo cha udaktari.

Uthibitisho mkubwa kwamba kujipima hivyo kuna faida ulikuja mwaka 1993, baada ya utafiti wa miaka kumi kwa watu 1,441 wa Marekani na Kanada wenye kisukari cha aina ya kwanza. Kundi moja liliendelea na matibabu ya kawaida. La pili lilifunzwa kujipima angalau mara nne kwa siku na kubadili dozi kulingana na majibu. Kati ya waliokuwa na macho mazima mwanzoni, hatari ya kuharibika macho ilipungua kwa asilimia 76. Matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na watu wa kundi la kwanza nao wakaanza kufundishwa.