Walipoitwa Wavivu

Mtu akitaka kusifu utunzaji wa wakati siku hizi hutaja Wajapani. Sifa zao zimeenea mpaka vijijini kwetu: gari moshi lao hufika dakika ileile iliyoandikwa, mfanyakazi yuko mezani pake kabla ya saa ya kazi, na aliyeahidi kuja saa nne huwa mlangoni saa nne. Mwaka 2017 kampuni moja ya reli karibu na Tokyo iliwaomba radhi wasafiri kwa sababu treni yake ilikuwa imeondoka sekunde 20 kabla ya wakati. Dunia ilicheka kidogo, kisha ikatikisa kichwa kwa kustaajabu. Kwetu sisi mazungumzo kama hayo aghalabu humalizikia kwenye neno lilelile: "Wenzetu wamezaliwa hivyo. Sisi tuna saa za Kiafrika."

Neno hilo nimelisikia barazani, maofisini, na kwenye harusi ambazo kadi zake zilisema saa nane na bwana harusi akaingia saa kumi na moja. Watu hulisema kwa kucheka, lakini ni neno zito. Maana yake ni kwamba kuchelewa kumo katika damu yetu, na kilichomo katika damu hakina dawa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, naomba turudi nyuma pamoja tuwatazame hao Wajapani kwa macho ya wageni waliowaona zamani, ili tujue kama kweli walizaliwa na saa mkononi.

Wageni waliokwenda Japani walikuwa na ada ya kuandika. Mmoja wa mwanzo alikuwa Luís Fróis, padre wa Kireno wa shirika la Wajesuti, aliyefika huko mwaka 1563 na kufia Nagasaki mwaka 1597. Mwaka 1585 alitunga kijitabu cha kulinganisha desturi za Wazungu na za Wajapani, jambo kwa jambo, zaidi ya mia sita. Sisi, aliandika, tunavaa nyeusi katika msiba, wao huvaa nyeupe. Sisi tunakula kwa mikono, wao hula kwa vijiti viwili tangu utotoni. Sisi tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia, wao hushuka kutoka juu hadi chini. Msomaji wa leo akikipitia kijitabu hicho huenda akatabasamu, maana Wazungu wanaokula kwa mikono nao wamekwisha kutoweka. Padre alidhani anaeleza tabia za mataifa mawili, kumbe alikuwa akieleza mwaka mmoja katika maisha ya mataifa mawili.

Karibu miaka mia tatu baadaye, Japani ilipofungua milango yake, walikuja wageni wengine. Mwaka 1877 alifika Edward Morse, Mmarekani, mtaalamu wa wanyama. Katika kumbukumbu zake alisimulia jinsi alivyotaka kuacha saa yake na fedha zake katika nyumba ya wageni alipokwenda safari fupi. Badala ya kufungiwa kabatini, vitu vyake viliwekwa juu ya sinia, katika chumba kisichokuwa na kufuli, na aliporudi alivikuta kama alivyoviacha. Mwaka uliofuata, 1878, Mwingereza Isabella Bird alisafiri kaskazini mwa nchi akiwa na mkalimani tu. Aliona umaskini mwingi, viroboto na maradhi ya ngozi, wala hakuficha. Lakini pia aliandika kwamba mwanamke peke yake hangepata nchi ya kupita kwa usalama zaidi ya hiyo. Siku moja ukanda wa mzigo wake ulipotea njiani. Mwenye farasi alirudi nyuma karibu kilomita nne kuutafuta, na alipopewa pesa kwa taabu hiyo alizikataa.

Hizo ni sifa, na za kweli. Sasa tusikie upande wa pili, ambao sisi huku hatuusikii mara nyingi.

Kati ya mwaka 1857 na 1859 ofisa mmoja wa jeshi la majini la Uholanzi, Willem Huijssen van Kattendijke, alikuwa Nagasaki akiwafundisha Wajapani ubaharia wa kisasa. Katika kumbukumbu zake alilalamika juu ya uzito wao. Vifaa haviji kwa wakati, mafundi wanaahidi na hawaonekani, mambo ya siku moja huchukua siku nyingi. Mwaka 1903 Mmarekani Sidney Gulick, mmisionari aliyekuwa ameishi Japani tangu mwaka 1888, alitoa kitabu kikubwa kuhusu tabia za Wajapani. Humo alisema kwamba wengi wao humpa mgeni picha ya watu wavivu wasiojali kabisa jinsi wakati unavyopita.

Hebu tuyasome tena maneno hayo polepole. Wavivu. Wasiojali wakati. Hawasemwi watu wa Mombasa, Tabora wala Bujumbura. Wanasemwa Wajapani, na anayewasema si mpita njia bali mtu aliyekaa nao miaka mingi.

Je, wageni hao walisema uongo? Sidhani. Waliona walichokiona. Lakini hawakutazama vizuri saa ya mwenyeji wao ilikuwa ikihesabu nini.

Katika Japani ya zamani, mchana, kuanzia mapambazuko hadi machweo, uligawanywa mafungu sita, na usiku mafungu sita. Kwa kuwa nchi ile iko mbali na ikweta, mchana wa majira ya joto ni mrefu sana na wa majira ya baridi ni mfupi. Hivyo fungu moja la mchana lilizidi saa mbili na nusu katika majira ya joto, na katika majira ya baridi halikufika hata saa mbili. Saa yenyewe ilirefuka na kufupika pamoja na jua. Watu walijua wakati kwa kengele za mahekalu na za mji, na kengele za mapambazuko na za machweo zilikuwa na hesabu moja: sita. Msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana, kwa sababu nasi husema saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, tukilifuata jua. Tofauti ni kwamba sisi tuko karibu na ikweta, jua letu halibadiliki sana mwaka mzima, na kwa hiyo saa zetu hazikuwa na haja ya kuvutwa wala kukazwa.

Mafundi wa Kijapani walikuwa hodari mno. Walipoletewa saa za Ulaya hawakuiacha hesabu yao waifuate mashine, bali waliibadili mashine ifuate hesabu yao. Watu wanaofanya kazi hiyo huwezi kuwaita wasiojali wakati. Walijali wakati wa mkulima, wa hekalu na wa sokoni, ambao kipande chake kidogo kilikuwa kama robo ya saa au nusu saa. Dakika haikuwa na kazi kwao. Mholanzi aliyetaka kuondoka na maji yakijaa, na fundi aliyezoea kengele ya mji, walikuwa wakisema "sasa hivi" kila mmoja kwa maana yake.

Kisha mambo yakaja kwa mkupuo. Mwaka 1871 mzinga ulianza kupigwa Tokyo kila adhuhuri, ili watu warekebishe saa zao. Mwaka 1872 reli ya kwanza ilifunguliwa kati ya Shimbashi, Tokyo, na Yokohama, kama kilomita 29, na gari moshi lilikwenda mwendo huo kwa dakika 53. Mwaka huohuo serikali ilitoa amri ya elimu ya shule kwa watoto wote. Mwishoni mwa mwaka huo ikatangaza, kwa muda usiotimia mwezi mmoja, kwamba kalenda ya zamani inakwisha na saa za kufuata jua zinakwisha nayo. Mwezi wa kumi na mbili ulipewa siku mbili tu, na siku iliyofuata ikawa tarehe 1 Januari 1873.

Kulikuwa na sababu ya mfukoni pia. Kwa kalenda ya zamani mwaka uliokuwa ukija ungekuwa na miezi kumi na mitatu, na serikali haikuwa na fedha za kulipa mishahara kumi na mitatu. Waziri Okuma Shigenobu mwenyewe alilisimulia jambo hilo baadaye. Wananchi walichanganyikiwa, na mwandishi Fukuzawa Yukichi akatoa haraka kijitabu cha kuwaeleza kalenda mpya na namna ya kusoma saa. Fikirini, taifa ambalo leo linaombana radhi kwa sekunde 20 lilihitaji kijitabu cha kufundishwa mshale mrefu na mshale mfupi.

Hata hivyo amri haibadili watu kwa usiku mmoja. Kazi hiyo ilifanywa na kengele ya shule, king'ora cha kiwanda, kambi ya jeshi na stesheni ya reli, mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1892 kiwanda cha saa cha Seikosha kilianzishwa, na saa za bei ya kadiri zikaingia majumbani. Lakini hata mwaka 1920, karibu miaka hamsini baada ya amri, bado palikuwa na haja ya kuwahimiza watu. Mwaka huo yalifanyika maonyesho ya wakati huko Tokyo, na tarehe 10 Juni ikawekwa iwe Siku ya Wakati, ya kuwakumbusha wananchi wasichelewe. Hakuna anayeweka siku ya kuwakumbusha samaki kuogelea. Kama kushika wakati kungekuwa katika damu, siku hiyo ingekuwa ya nini?

Gulick mwenyewe hapa anastahili haki yake. Aliyaandika maneno makali juu ya uvivu, lakini kitabu chake kwa jumla kilishikilia kwamba tabia za taifa hutokana na jinsi jamii ilivyopangwa, na mpango ukibadilika nazo hubadilika. Katika hilo wakati umemwunga mkono.

Lakini sipendi msomaji afunge ukurasa huu akidhani nimesema Wajapani walikuwa gizani wakaja nuruni. Kila desturi ina bei yake. Tarehe 25 Aprili 2005, huko Amagasaki, treni iliyokuwa imechelewa kama dakika moja na nusu iliingia konani kwa kasi, ikatoka relini na kugonga jengo. Watu 107 walikufa, dereva akiwa mmoja wao. Ilijulikana baadaye kwamba madereva waliochelewa walikuwa wakipewa adhabu za kuwaaibisha, na dereva huyo kijana alikuwa amekwisha kuionja adhabu hiyo. Aidha Wajapani wana neno maalumu, karoshi, maana yake kifo cha kuzidiwa na kazi. Mwaka 2014 walitunga sheria ya kukizuia. Haraka haraka haina baraka, walisema wazee wetu. Lakini wazee haohao walisema pia kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakuwa wanajipinga. Walijua kila jambo lina mwendo wake, na busara ni kujua lipi ni lipi.

Mimi nachukua mambo mawili katika historia hii. La kwanza linamhusu mgeni. Mgeni huona vizuri kile mwenyeji asichokiona kwa mazoea, kama Bi. Bird alivyouona uaminifu wa mwenye farasi. Lakini mgeni huona siku moja, kisha kirahisi huiita siku hiyo asili ya watu. Aliyefika Japani mwaka 1858 alirudi na habari za watu wazito, na anayefika leo hurudi na habari za watu wa sekunde. Wote wawili wakisema "ndivyo walivyo", wote wawili wamekosea kwa kosa moja.

La pili linatuhusu sisi. Tumeyachukua maneno ambayo wageni walitusema, tukayafanya utani wetu, na sasa tunawarithisha watoto. Mtoto aliyeambiwa kwamba kuchelewa ni Uafrika atajitahidi kwa lipi? Afadhali aambiwe ukweli. Basi linachelewa kwa sababu halina ratiba inayoheshimiwa, mkutano unachelewa kwa sababu aliyewahi huadhibiwa kwa kungojeshwa na aliyechelewa husubiriwa kwa heshima, na hayo yote yamepangwa na watu. Kilichopangwa na watu hupangwa upya na watu, kwa muda, kwa subira, na kwa kuchagua bei tunayokubali kuilipa. Mjapani alihitaji kama miaka hamsini na zaidi. Hakupewa saa hiyo tumboni mwa mama yake.