Baraza ni la Nani?

Ewe msomaji kijana, watu wanapokutana kuzungumza, aghalabu hatuulizi mahali wanapokutania ni pa nani. Walakini historia yatufundisha kwamba mwenye mahali ndiye aamuaye nani aseme, nani asikike, na nani atolewe nje. Na tuitazame habari hii kutoka Ukambani, katika nchi ya Kitui na Makueni.

Utangazaji wa redio ulianza Nairobi mwaka 1928, nao kwa miaka mingi ukawa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza iitwayo Cable and Wireless, hata mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilipouchukua. Mwaka 1964, Kenya ikiisha kuwa huru, serikali mpya iliufanya kuwa Sauti ya Kenya. Mwenyewe alibadilika, ila amri ilibaki Nairobi. Mkulima wa Mutomo aliweza kusikia habari za dunia nzima; lakini hakuweza kumtangazia jirani wa bonde la pili kwamba kisima kimekauka.

Huko Nthongoni, Makueni, vikundi 33 vya wanawake viliuona upungufu huo. Baada ya kungoja leseni kwa miaka kadhaa, mwaka 2004 walifungua Redio Mang'elete, kituo chao wenyewe, kikisema Kikamba na kueleza mambo ya kilimo, afya na maisha ya hapo hapo. Hilo si ajabu kwa watu waliolelewa katika mwethya, desturi ya majirani kukusanyika na kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho.

Mwaka ule ule wa 2004 Facebook ilianzishwa Marekani, na Twitter ikafuata mwaka 2006. Mitandao hii iliwapa watu kitu ambacho redio ya zamani haikuwapa, yaani uwezo wa kujibu. Hilo ni jema, wala tusilikanushe. Hata hivyo baraza lilikuwa na mwenyewe. Oktoba 2022 Elon Musk aliinunua Twitter kwa dola bilioni 44; wafanyakazi wengi wakaachishwa kazi, kanuni zikageuzwa, na mwaka 2023 hata jina likawa X. Walioandika humo miaka mingi walipata habari mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa.

Ndipo wengi walipohamia Mastodon, mtandao uliobuniwa na Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016. Mtandao huu ni maelfu ya seva, yaani kompyuta zinazohifadhi na kupeleka maandishi, kila moja ikiwa na wenyewe na kanuni zake. Zote hupelekeana habari kwa utaratibu mmoja uitwao ActivityPub, uliopitishwa kimataifa mwaka 2018. Ukitaka mfano wake, tazama mito ya Kitui. Tangu miaka ya 1990 wanavijiji, wakisaidiwa na shirika la SASOL, wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta hukata mto wa msimu, mchanga hujaa nyuma yake, na maji hukaa ndani ya mchanga yasikaushwe na jua. Mto ni mmoja, kuta ni nyingi; na ukuta mmoja ukibomoka, nyingine husimama.

Lakini usidhani kwamba uhuru huu hauna gharama. Seva yataka umeme, fedha, na mtu wa kuwazuia watukanaji, kama ukuta utakavyo watu wa kuutengeneza baada ya mafuriko. Mwishoni mwa mwaka 2022 watumiaji wa Mastodon walipita milioni 2 kwa mwezi. Baada ya miezi michache wengi walirudi walikotoka, kwa kuwa rafiki zao hawakufuatana nao.

Hapa wanawake wa Mang'elete wana la kutufunza. Walikuwa wamekwisha kuwa jamaa moja kabla ya kusimamisha mlingoti wao, na kituo kilipofunguliwa kilikuta wasemaji na wasikilizaji wanaojuana. Basi, ikiwa siku moja wewe na wenzako mtataka kuhama baraza la tajiri, kutaneni kwanza. Patananeni nani atalipa, nani atalinda, na ugomvi utaamuliwaje. Kisha hameni pamoja, kama watu wa mwethya waendavyo shambani.