Aspirateri, tapi na ile brosi yenye moteri yake

Wasomi wenzangu, leo tuongelee mashine moja ambayo wengi wetu tuliiona kwanza ku filme kuliko mu nyumba: kifyonza vumbi, ile tunaita aspirateri. Hasa ile ya zamani ya Wamarekani: tangi inatambaa chini, tiyo ndefu, na mbele kabisa brosi inayozungushwa na moteri yake ndogo. Tangi tayari iko na moteri. Ya pili ni ya nini?

Mu 1901, kule London, injinia Hubert Cecil Booth alitengeneza mashine ya kuvuta vumbi. Ilikuwa kubwa sana, inakokotwa na farasi, inasimama barabarani na tiyo zake zinapitishwa ku madirisha. Wenye pesa njo walikuwa wanaiita. Halafu mu 1907, ku Canton, jimbo la Ohio, James Murray Spangler, mfagiaji wa duka aliyesumbuliwa na pumu, akaunganisha feni ya umeme, brosi ya kuzunguka, mpini wa fagio na foronya ya mto. Hati yake ya uvumbuzi ilitoka 1908, na familia ya Hoover, watu wa biashara ya vitu vya ngozi, wakainunua.

Muangalie vizuri hapo: Booth anavuta tu, Spangler anavuta na kufagia. Mabishano yote yaliyofuata yako mule. Electrolux, kampuni ya Msweden Axel Wenner-Gren, ilitoa Model V mu 1921, bomba linalolala chini na kuteleza juu ya vyuma viwili. Inafikia hata chini ya kitanda, lakini ilivuta tu. Hoover, wao, walibaki na mashine ya kusimama na brosi yake, na 1926 wakaongeza vyuma vya kupigapiga tapi.

Kisha vita ya pili ikaisha, na viwanda vya Dalton, jimbo la Georgia, vikaanza kutoa tapi za bei nafuu, baadaye za nailoni. Wamarekani wakafunika chumba kizima, ukuta mpaka ukuta. Mchanga unashuka mpaka ku mizizi ya nyuzi, na upepo peke yake hauutoi. Lazima kitu kiitikise tapi kwanza. Wauzaji wa mashine za tangi, waliokuwa wanabisha hodi nyumba kwa nyumba, wakawa na shida kweli.

Jibu lililoenea miaka ya 1960 njo ile moteri ya pili: waya wa umeme unafuata tiyo, mwanzo kwa nje, baadaye ukafichwa ndani, mpaka ku kichwa, na mkanda wa mpira unazungusha brosi. Electrolux ya Marekani waliuza hivyo, na Sears pia kwa jina la Kenmore. Ubaya wake: mkanda ukikatika, tangi inaendelea kunguruma vilevile, na mtu anasukuma akizani anasafisha. Ulaya, kwenye sakafu ngumu nyingi, hawakuihitaji sana.

Kwa maoni yangu, jambo zito liko kwingine. Mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, mu kitabu chake cha 1983, alionyesha kwamba zamani tapi ilitolewa nje mara chache kwa mwaka na kupigwa fimbo, na kazi ile mara nyingi ilikuwa ya baba na watoto. Mashine ilipoingia, ikawa kazi ya kila juma, na ya mama peke yake. Joann Vanek naye alilinganisha masaa mu 1974: mama wa nyumbani asiye na ajira alitumia saa kama 52 kwa juma miaka ya 1920. Miaka ya 1960, pamoja na moteri zote hizo, alikuwa anatumia 55.