Kijiji Kilichokataliwa



Katikati ya miaka ya 1940 serikali ya Misri ilimkabidhi msanifu majengo Hassan Fathy kazi ya kujenga kijiji kipya karibu na Luxor. Watu wa Gourna, wapatao 7,000, walikuwa wakiishi juu ya makaburi ya kale, na baadhi yao walijipatia riziki kwa kuuza vitu vilivyofukuliwa humo. Serikali iliamua wahamishwe.

Fathy aliwapenda maskini kwa dhati. Aliona kwamba saruji na chuma ni ghali mno kwa mkulima, ilhali udongo anao miguuni pake. Akawaleta mafundi wa Kinubi waliojua kuezeka kwa matofali ya udongo mbichi bila kutumia mbao. Kuta zikawa nene, nyua zikapata kivuli, na upepo ukaongozwa kuingia vyumbani. Leo tunapohangaikia joto na gharama za umeme, hekima ile yastahili heshima.

Lakini wenyeji hawakuhamia. Palikuwapo hata waliotoboa tuta usiku ili maji yafurike kijiji kipya. Kazi ikakoma ikiwa imekamilika sehemu ndogo tu. Wengi wamewaita watu wale wezi na wenye shingo ngumu. Mimi nasita. Ni kweli kwamba Fathy alitaka kila familia ijengewe kadiri ya mahitaji yake. Lakini swali la kwanza, yaani kama wako tayari kuondoka pale penye riziki yao, hawakuulizwa. Isitoshe, machoni pa wengi wao kuba lilikuwa paa la kaburi, si la nyumba.

Zaidi ya nusu karne baadaye udongo uleule ulipata bahati nyingine, katika kijiji cha Gando nchini Burkina Faso. Francis Kéré, mzaliwa wa hapo, aliondoka akiwa mtoto kwa kuwa kijijini hapakuwa na shule. Akiwa bado mwanafunzi wa usanifu mjini Berlin, alianza kuchangisha fedha ili Gando ipate shule yake. Aliporudi na wazo la kujenga kwa udongo, watu wa kwao walimpinga. Walikuwa na haki: nyumba za udongo walizijua, na walijua mvua inavyozifanya.

Kéré hakuwapuuza. Aliwachorea ramani mchangani, maana karatasi za wasanifu haziwaambii kitu wasiozizoea. Akachanganya udongo na saruji kidogo ili tofali liwe imara, na juu akainua paa pana la bati linalozikinga kuta na kuruhusu hewa ya moto kutoka. Watoto walileta mawe ya msingi, wanawake wakaitwanga sakafu hadi ikalainika. Shule ilikamilika mwaka 2001, ikapata Tuzo ya Aga Khan mwaka 2004. Kéré mwenyewe alipewa Tuzo ya Pritzker mwaka 2022.

Someni Nehemia sura ya 3, ambayo kwa kawaida tunairuka kwa sababu ya majina yake mengi. Humo kuna makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato na mabinti wa Shalumu, na wengi wanajenga ukuta mbele ya nyumba zao wenyewe. Naye hayati Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, namba 150, alidai kwamba katika mipango ya miji maoni ya watakaoishi humo yazingatiwe daima.

Nakiri kwamba nami nimewahi kuleta mbele ya kamati mchoro uliokwisha kupigwa muhuri, nikaomba "maoni". Wakina mama waliuliza jiko litakuwa wapi na moshi utatokea wapi. Halikuwamo. Tulilijenga baadaye kwa mabati, nyuma ya ukumbi, na huko ndiko wanakopikia mpaka leo, juani.

Mchoro wa nyumba ya katekista bado haujaanza. Baada ya Misa ya pili Jumapili ijayo tutakutana chini ya mwembe, na katekista na mkewe ndio watakaosema kwanza.