Shukrani Wakati wa Dhiki

Ewe msomaji, usidhani ya kuwa kushukuru ni kazi ya walioshiba tu. Zingatia habari za Martin Rinckart, mchungaji wa Kilutheri katika mji wa Eilenburg, huko Saxony, Ujerumani.

Alianza kazi yake mjini humo mwaka 1617. Mwaka uliofuata vilizuka Vita vya Miaka Thelathini. Kwa kuwa mji ulizungukwa na kuta, wakimbizi walimiminika humo kutafuta usalama, hata chakula kikapungua. Mwaka 1637 tauni ikaingia. Mwaka huo Rinckart alizika watu zaidi ya 4,000, na mkewe naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Mtu huyu aliyefiwa ndiye mtunzi wa "Nun danket alle Gott", wimbo wa kumshukuru Mungu unaoimbwa hata leo makanisani katika nchi nyingi. Nao mwanzoni ulikuwa sala fupi tu ya mezani.

Je, alisahau msiba wake? La, hasha. Alijua ya kuwa mkate wa leo ni kipawa, wala si haki ya mtu. Kwa hiyo njaa ilipofuata tauni, aliwagawia maskini chakula chake, akawabakizia watu wa nyumbani mwake kidogo tu.

Basi nawe, uketipo mbele ya ugali na mboga, mshukuru Mungu. Kisha uulize kama jirani yako amekula. Shukrani isiyofika kwa jirani haijatimia.