Ulinganifu wa uwezo wa kununua

Ulinganifu wa uwezo wa kununua ni kipimo cha kiuchumi kinacholinganisha sarafu kwa kuangalia kiasi cha bidhaa na huduma ambacho kila moja inanunua nchini mwake, badala ya kutegemea viwango vya kubadilishia fedha benki. Mwanauchumi Gustav Cassel wa Uswidi aliupa mtazamo huo jina mwaka 1918.

Nchini Tanzania, kunyoa nywele, nauli ya daladala na kodi ya chumba ni nafuu mno kuliko Marekani, kwa kuwa ujira ni mdogo na huduma hizo haziuzwi nje. Petroli na simu hufuata bei ya dunia. Ndiyo maana pato la Mtanzania likipimwa kwa njia hii huwa zaidi ya mara mbili ya lile la viwango vya benki.

Lakini kipimo hiki ni wastani wa kapu la taifa zima, na kapu la maskini halifanani nalo. Kaya maskini hutumia sehemu kubwa ya fedha kwa chakula, tena hununua mafuta na sukari kwa vipimo vidogo vidogo, hivyo mara nyingi hulipa zaidi kwa kila kilo. Pia mahindi ambayo mkulima hula kutoka shambani mwake hayanunuliwi, hivyo lazima yakadiriwe thamani. Kwa hiyo viwango vya umaskini vya nchi yenyewe husema mengi zaidi kuhusu maisha ya kaya: Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliweka mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na asilimia 26.4 ya wakazi wa Tanzania Bara hawakuzifikia.