Kigango cha Fundi

Mwaka 1985 Kalume Mwakiru, mzee wa Kimijikenda, alipigwa picha akiwa amesimama kando ya vigango viwili, nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, alivyowasimikia ndugu zake marehemu. Haukupita muda vigango vikaibwa. Aliyempiga picha, mwanaanthropolojia Monica Udvardy, hakuchoka kuvitafuta, na mwaka 1999 kimoja kikajitokeza katika makumbusho ya chuo kikuu jimboni Illinois, Marekani. Cha pili kilikuwa Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Kufikia 2007 vyote vilikuwa vimesharudi Kenya.

Kisa hiki kimeandikwa sana, na ni haki yake. Ila kila ninapokisoma najiuliza swali ambalo si la wapelelezi: nani alivichonga? Ubao ule mgumu, wenye kichwa cha duara na kiwiliwili kilichojaa pembetatu ndogondogo, ulipitia mikononi mwa fundi. Marehemu tunatajiwa, aliyemsimikia tunatajiwa, mwizi tunamkisia. Fundi hayumo.

Pwani hii ina kumbukumbu za wafu za kutosha. Karibu na Msikiti wa Juma, Malindi, lipo kaburi la mnara lililokuwa limesimama zamani Vasco da Gama alipotia nanga mwaka 1498. Mnarani, juu ya hori la Kilifi, lipo jingine. Gede kuna kaburi lililochorwa mwaka wake, 802 wa Hijria, yaani 1399 wa Miladi. Waashi waliokata matumbawe, wakachoma chokaa na kuyalainisha mawe yale hawakuandikwa popote. Kaburi la mnara lilikuwa la mwenye cheo na mali.

Kwa Wagiriama, mojawapo ya makabila ya Wamijikenda, kigango nacho hakikuwa cha kila mtu. Kilikuwa cha mwanachama wa chama cha Gohu, na kuingia Gohu kulitaka mali: mifugo, pombe ya mnazi ya kutosha, na karamu. Asiyekuwa mwanachama alipata koma, kijiti kifupi kisicho na nakshi. Mara nyingi kilichowakumbusha walio hai ni ndoto. Marehemu huja usiku kulalamika kwamba amesahauliwa, au ugonjwa hubisha hodi nyumbani, mganga akaulizwa, na wana wakaanza kuchanga. Kigango kikisimikwa hufungwa vitambaa na kumwagiwa mnazi. Na hakihamishwi. Mji ukihama, chenyewe hubaki palepale kikiliwa na mchwa na mvua. Katika nchi ambayo ndoo ikitoboka huzibwa na sufuria ikichakaa huwekwa kitako kipya, kigango ndicho kitu kisichopelekwa kwa fundi.

Sasa mfikirie fundi wa karne ya 20. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, watu na magari walivuka hori kwa feri, na feri ni mashine: kuna mtu aliyekuwa akilala na harufu ya dizeli ili abiria wavuke asubuhi. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichoanza miaka ya 1970 na kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, kilikuwa na mafundi mitambo wake. Vipingo kulikuwa na mashine za mkonge. Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walisimamisha jukwaa baharini, na tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti iliyopewa jina la Uhuru ikarushwa kutoka hapo, siku yenyewe ya sikukuu ya uhuru wa Kenya. Vitabu vya anga vinaitaja Ngomeni kwa sababu ya miale ya eksirei iliyochunguzwa na satelaiti hiyo. Mimi huwaza zaidi nati na boliti za jukwaa hilo, na chumvi ya bahari inavyokula chuma.

Aliyestaafu kiwandani, au aliyestaafishwa na kufuli la lango, alirudi nyumbani na spana zake. Neno kustaafu halimkai vizuri fundi. Akiketi barazani, baiskeli itamfuata: mgema amevunja spoki chini ya mitungi ya mnazi, mtoto ana tyubu ya kutiwa kiraka. Redio huletwa ikiwa imefungwa kwa kanga, ikilehemiwa waya mmoja inasema. Ufukweni mwenzake anakalafati mashua kwa pamba, kisha anaipaka sifa, yale mafuta ya papa yanayonuka hadi msikitini. Malipo huwa ni pesa, au samaki, au "nitakuona Ijumaa." Kwa hayo watoto wamesoma, na binti ameolewa kwa heshima. Wengi mtaani hawamjui jina. Ni Fundi tu, mkewe ni Mama Fundi, na wanawe ni watoto wa Fundi hata wakiwa na mvi.

Jina lake halisi limewekewa mahali pengine. Mgiriama humpa mwanawe wa kwanza jina la baba yake mzazi, hivyo babu hurudi kuitwa uani kila jioni, akigombezwa kwa kutonawa miguu. Mwislamu husomewa hitima. Siku hizi kaburi la saruji lenye jina, mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa huonekana kwa Mkristo hata vijijini, na hapo kidogo fundi amekuwa sawa na wenye vyeo.

Lakini mazishi ya fundi yana jambo lake. Kabla maiti haijaondoka, ndugu husimama kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, yuko wa kumlipia. Kwa mtu mwingine hujitokeza mmoja au wawili, tena kwa sauti ya chini. Kwa fundi huja foleni, siku ya tatu, hata baada ya arobaini, na wanachodai si pesa. Huyu aliacha saa, huyu cherehani, huyu pasi ya makaa iliyong'oka mkono. Risiti hakuna. Mjane huingia ndani, akapekua chini ya benchi, akasoma vipande vya uzi vilivyofungwa na marehemu kila kimoja kwa rangi yake, akatoka na saa mkononi. Inatembea.